Kihisi Kikajaribiwe Kisimani

Walimu wenzangu, mlionizidi umri shikamooni. Wanaonifahamu wanajua nitakalosema, na nalisema tena: kihisi, yaani molekuli inayobadili mng'ao wake ikikutana na kitu tunachokitafuta majini, kinachong'aa vizuri ndani ya maji yaliyokenekwa, haya tunayouziwa kama maji ya betri, bado hakijathibitisha kitu. Kipelekeni Mikindani, pwani ya Mtwara, kwenye kisima kilicho karibu na bahari, ndipo tuzungumze.

Naomba taa zizimwe. Chupa hii ni ya toniki ya dukani, ina kwinini, ile ile chungu ya malaria. Tochi hii ni ya kukagulia noti bandia. Mnaiona buluu? Kwinini inafyonza urujuanimno tusiouona, kisha inautoa kama buluu tunayoiona. Sasa natia kijiko cha chumvi, nakoroga. Walio nyuma sogeeni, msiniitikie tu. Inafifia! Ioni za kloraidi, chembe zenye chaji zitokazo kwenye chumvi, zinaigonga kwinini iliyokwisha kufyonza nuru, nishati inaishia kwenye joto kabla ya kuwa nuru. Tangu miaka ya 1980, molekuli za ukoo huo zimepima kloraidi ndani ya seli hai.

Najua kuna anayesema, "Chumvi si unaionja tu?" Sawa, bahari ikipenya kisimani hata mtoto ataitema. Haya, niambie ladha ya zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kukamatia dhahabu, na Ruangwa, wanakochimba, si mbali na hapa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isokaboni katika maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita. Maji ya bahari yana kloraidi gramu 19 hivi kwa lita, nayo huizingira ioni ya zebaki na kuing'ang'ania. Kihisi kinachongoja zebaki iliyo huru kitakaa kimya. Mama atachota, ataambiwa maji ni salama, na zebaki imo! Halafu mtu ananiletea grafu nzuri ya maji ya betri. Hapana. Nataka kuona maji ya chumvi, maji ya tope, maji ya chokaa.

Na nuru ikififia, ni kloraidi, au tochi imeishiwa chaji? Ndiyo maana mwanakemia Roger Tsien na wenzake, mwaka 1985, walitoa fura-2, molekuli inayong'aa na kushika kalsiamu: unaimulika kwa nuru ya nanomita 340, kisha 380, unagawanya mng'ao wa kwanza kwa wa pili. Tochi ikidhoofu, uwiano haubadiliki. Na kumbukeni alikuwa akitafuta kalsiamu ndani ya seli, ambamo magnesiamu iliyo huru inaizidi maelfu ya mara, na hakudanganywa nayo. Hapo ndipo penye ufundi.

Naonyeshwa saa. Basi mchoro wa elektroni zinavyoruka na kuzima nuru nauacha, mtauona kwenye karatasi. Kesho kila mmoja aje na chupa ya maji anayokunywa nyumbani kwake, yasichujwe wala kuchemshwa. Tutaanza na ya wanaokaa pwani.