Shangazi Alipokea Isale, Karatasi Akaikataa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie msamaha katika familia, na kwa kuwa tuko Moshi na wengi wenu mmeshuka kutoka migombani, nitamzungumzia shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa Kibosho.

Mwanawe alikuwa anaendesha bodaboda. Aligongwa na Fuso usiku, barabara kuu ya kwenda Arusha, karibu na Boma Ng'ombe, akafia palepale. Tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya kaburi la baba yake. Vijana wa ukoo walishapanga kwenda kumsaka dereva. Walichokusanya kwa safari hiyo sitakitaja mbele ya watoto.

Kabla matanga hayajaanuliwa, wazee wa upande wa dereva wakafika. Walisimama uani, aliyetangulia ameshika jani la isale. Wageni waliomo humu wajue: isale ni mmea, tunalipanda mipakani mwa vihamba na makaburini, na mtu akikujia nalo kuomba radhi, kumfukuza ni vigumu mno. Shangazi alinyanyuka kwenye kigoda, akafunga kanga yake vizuri, akalipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea. Mtoto wenu asiguswe." Kisha akawageukia vijana wetu, akawakazia macho mpaka mmoja mmoja wakaketi.

Wasimulizi wengi wa msamaha wangeishia hapo. Lakini baada ya chakula mzee mmoja wa upande wa dereva alichomoa bahasha na karatasi. Shangazi aweke dole gumba tu, kwamba familia imeridhika, mambo yameishia nyumbani. Akaisukuma kando. "Isale nimelipokea. Hiki ni kitu kingine."

Na alikuwa sahihi. Kesi ya kusababisha kifo barabarani ni ya Jamhuri. Mfiwa haifuti kwa dole gumba, hata aletewe ng'ombe. Halafu kuna bima. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria liwe na bima ya kuwalinda watu wengine, hata ile ndogo kabisa, na wategemezi wa marehemu wanaweza kudai fidia huko. Ukishasaini kwamba umeridhika, umewapa watu sababu ya kukuzungusha. Marehemu aliacha mjane na watoto wa kusomesha. Shangazi angeweza kusamehe machungu yake mwenyewe. Ada za wajukuu hazikuwa zake kuzisamehe.

Mahakamani aliulizwa kama pikipiki ya mwanawe ilikuwa na taa. Upande wetu tulikuwa tumeelewana, bila kusemezana, kwamba hilo halitatajwa. Yeye akajibu: "Ya nyuma ilikuwa imeungua. Nilimwambia aitengeneze." Mdogo wa marehemu alitoka nje akibamiza mlango. Dereva alitiwa hatiani, ila adhabu ilikuwa nyepesi kuliko tulivyotaka sisi.

Jambo hili, kwamba radhi haifuti madai, Kilimanjaro tunalijua hata kwa ukubwa wake. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba radhi kwa waliyotendewa watu wetu enzi za ukoloni. Wako waliosema basi, yamekwisha. Ukoo wa Meli bado unauliza kichwa kiko wapi, na mimi sioni kwamba anayeuliza hivyo ana kinyongo.

Watu hupenda kujua kama shangazi alikwenda kumtembelea yule dereva. Hakwenda. Katekista alimshauri, tena kwa upole, akajibiwa: "Nimemsamehe. Sijasema nina hamu ya kumwona." Jibu hilo liliwaudhi baadhi ya wanajumuiya. Mimi lilinifanya niuamini msamaha wake zaidi, maana hakuwa akiufanya ili asifiwe.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja bima. Karibu, mama, uliza.