Ki Hajar Dewantara na Shule Iliyokataa Ruzuku

Ki Hajar Dewantara ndiye mwanzilishi wa shule za Taman Siswa, Indonesia ilipokuwa koloni la Uholanzi. Makala yake ya 1913 ya kuwakosoa wakoloni, iliyomfanya apelekwe uhamishoni Uholanzi, sitairudia. Leo tukae kwenye jambo linalorukwa kila tarehe 2 Mei, siku aliyozaliwa, ambayo Indonesia huiadhimisha kama Siku ya Elimu. Nalo ni pesa.

Nembo ya wizara ya elimu ina maneno yake ya Kijava, tut wuri handayani: mlezi akae nyuma, amtie mtoto nguvu. Vyema. Lakini shule ya mlezi huyo iliendeshwa kwa fedha gani? Taman Siswa ilipofunguliwa Yogyakarta tarehe 3 Julai 1922, kujitegemea kuliwekwa katika misingi yake. Msaada wenye masharti, kama ruzuku ya serikali ya kikoloni, haupokelewi. Matumizi yafuate kilichopo mkononi, na maisha yawe ya kawaida, mwalimu akiwa wa kwanza.

Najua mtakachosema: ruzuku ilitokana na kodi ya Wajava wenyewe, wenyeji wa kisiwa hicho cha Java, kuikataa ni kiburi. Hoja hii nimeichoka! Tazameni 1932. Mwezi Septemba serikali ya Kiholanzi ilitoa sheria ya zile ilizoziita "shule za mwitu". Shule isiyo na ruzuku iombe kibali kwanza, na mwalimu wake awe amehitimu shule ya serikali au yenye ruzuku. Mnauona mtego? Taman Siswa ilikuwa ikiwafunza walimu wake yenyewe. Sharti hilo la pili lingeikausha bila askari kufunga hata mlango mmoja.

Tarehe 1 Oktoba, sheria ilipoanza kutumika, Ki Hajar alimpelekea De Jonge, Gavana Mkuu wa koloni hilo, telegramu: tutapinga, bila kutumia nguvu. Angetishwa kwa kunyimwa nini? Hakuwa na ruzuku ya kukatiwa. Jumuiya za wenyeji, Muhammadiyah na Budi Utomo, zikamuunga mkono, kelele zikafika hadi Volksraad, baraza la koloni, na mwanzoni mwa 1933 sheria ikasimamishwa.

Muda umekwisha, uwaziri wake wa elimu wa 1945 tuuache. Jambo la jina lake, kwa ufupi. Alizaliwa Raden Mas Soewardi Soerjaningrat, wa Pakualaman, ukoo wa kitawala wa Yogyakarta. Mwaka 1928 alitimiza miaka 40 kwa kalenda ya Kijava, yaani windu 5 za miaka 8 kila moja. Hapo akaliacha jina hilo pamoja na cheo chake cha ukabaila, akajiita Ki Hajar Dewantara, asitengwe na watu aliowafundisha.