Sombe bila samaki: ninachokula tangu niache nyama

Bandugu zangu wa Bukavu, kule kwetu Kongo, jambo sana! Jambo kwa watu wa Kadutu, Ibanda na Bagira, na ninyi munaonitazama toka Goma na Uvira. Najua megabaiti ni ghali, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja jikoni. Sufuria iko motoni, sombe, yale majani ya muhogo, inachemka tangu muda, na nikiwa ninaikoroga nitajibu swali ninalolikuta kila nikifungua WhatsApp: "Dada, tangu uache nyama, unakulaka nini?"

Ninakula vizuri. Ninakula kwa raha kuliko zamani, na sisemi hivyo ili kumfurahisha mtu.

Kwanza tuelewane nimeacha nini: nyama, samaki, mayai, maziwa na vyote vinavyotoka kwa mnyama. Huku Ubelgiji ninakoishi watu wa namna hii wanaitwa vegani, na chama chao cha kwanza kilianzishwa Uingereza mwaka 1944, kwa hiyo si fasheni ya jana.

Wengi munajua kwamba nilipofika Ubelgiji kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha nyama. Wahamiaji wengi tunapitia huko. Chumba ni baridi, visu vina makali, nguruwe waliopasuliwa wananing'inia kwenye ndoano na kupita mbele yako, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka zamu iishe. Kwetu mbuzi anachinjwa siku ya sikukuu. Watoto wanamjua, walimchunga, na kila mtu wa kiwanja anapata kipande. Pale hakuna aliyewahi kumjua mnyama hata mmoja. Niliondoka, kazi nyingine nikapata, lakini hamu ya nyama haikurudi tena. Hiyo ndiyo sababu yangu. Simhukumu anayekula, na mama yangu anakula nyama mbele yangu bila shida.

Sasa, kwa nini watu wengi wanaacha nyama halafu baada ya wiki chache wanarudi? Kwa sababu wameitoa tu. Sahani imebaki na shimo, na mtu hawezi kukaa mezani kila siku akitazama shimo. Wengine wanakimbilia kuuliza: badala ya nyama niweke nini? Mimi nawaambia muulize swali lingine: ile nyama, au yule samaki, alikuwa anafanya kazi gani ndani ya sufuria?

Tuchukue sombe hii. Kwetu mtu akiipika vizuri anatia samaki wa moshi, au ndagala. Samaki anafanya nini mle ndani? Analeta chumvi. Analeta moshi. Analeta ule utamu mzito unaobaki kwenye ulimi hata baada ya kumeza. Hizo ni kazi tatu, na kila kazi inaweza kupewa mtu mwingine.

Chumvi tunayo. Moshi ninautoa kwenye biringanya: ninaiweka juu ya moto wenyewe, ninaigeuza mpaka ngozi iwe nyeusi na ipasuke, ndani ilegee kabisa. Kisha ninaimenya na kuiponda kwa uma. Mimi ninatumia gesi, lakini ninyi muko na makala, yaani mkaa, na makala yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ule utamu mzito ninautoa kwenye uyoga mkavu: ninauloweka kwenye maji moto, ninaukatakata, na yale maji yake ya kahawia simwagi, yanaingia sufuriani yote. Juu yake nyanya ya kopo, kijiko kimoja, niliyoikaanga kwa mawese na kitunguu, poaro (liki) na sereli mpaka ikaacha wekundu wake na kuanza kugeuka rangi ya matofali.

Sombe yenyewe ninainunua Matonge, kule Bruxelles, karibu na Porte de Namur. Inakuja imetwangwa na kugandishwa. Nimeichemsha zaidi ya saa moja, sufuria wazi, na hapo hakuna njia ya mkato: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha sana kunaitoa pamoja na mvuke. Mama zetu walijua hivyo bila kuhitaji maabara.

Sasa karanga. Ngoja nisogeze simu muone. Karanga nimezikaanga kavu, nimezisaga mpaka zikawa uji mzito. Sizitupi sufuriani hivi hivi. Ninachota upawa mmoja wa maji ya sombe, ninazikoroga pembeni kwenye bakuli mpaka zilainike, ndipo ninamimina. Ukizitupa zikiwa nzito zinajifunga madonge na hutayavunja tena. Moto ninaushusha. Halafu tunasubiri. Munaona hapa ukingoni? Mafuta yameanza kujitokeza, matone madogo madogo, ya karanga na ya mawese pamoja, rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo alama. Kabla mafuta hayajapanda, karanga bado mbichi hata kama umekoroga mpaka mkono ukauma. Yakishapanda, tia biringanya, tia pilipili nzima bila kuipasua, funika, acha.

Mjomba mmoja alinitumia sauti akasema nimekuwa mzungu, nimetupa chakula cha Bashi, kabila letu. Mjomba, nakuheshimu, na ninakujibu kwa heshima. Sambaza, ambayo tunaisifu kama mali ya ziwa letu toka enzi, ni samaki wa ziwa Tanganyika. Alitiwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuna koko zetu, yaani bibi zetu, walio hai bado ambao walizaliwa kabla ya sambaza ya kwanza kuvuliwa Kivu. Muhogo, mahindi, karanga, maharagi, viazi: vyote asili yake ni Amerika, vilivuka bahari baada ya Wareno. Vya zamani zaidi kwetu ni mtama, ulezi na kunde, na ndizi, ambayo nayo ilitoka Asia zamani sana. Kwa hiyo anayesema chakula chetu hakibadiliki, aniambie kilikoma kubadilika mwaka gani.

Na tuseme ukweli: nani kati yetu anakula nyama kila siku? Sahani ya siku ya kazi kule Kadutu ni bugali na lengalenga (mchicha), au maharagi na ndizi, au sombe. Tunaiita chakula cha shida kwa sababu tunaikula wakati pesa haipo. Na kwa sababu tumeiita hivyo, hatuipi muda. Nyama tunaiungia vizuri, tunaikaanga polepole, tunaonja, tunaita mtu mwingine aje aonje. Lengalenga tunaitupa kwenye maji tukiwa tunawaza mambo mengine. Halafu tunasema nyama ni tamu, mboga haina ladha! Jinsi unavyompikia mgeni kuku, siku moja pika lengalenga hivyo: kitunguu kiive mpaka kiwe dhahabu, kitunguu saumu, karanga, ndimu mwishoni. Hilo ndilo jambo ninalolipigania mimi.

Nikitoka nje ya nyumba, je? Inategemea mji. Mimi ninakaa Gent, na hapa tangu mwaka 2009 Alhamisi imetangazwa kuwa siku ya mboga: manispaa yenyewe inawahimiza watu kukaa bila nyama siku hiyo. Kwa hiyo kupata chakula si kazi. Angalisho ni moja tu, na ninalisema kwa wale watakaokuja huku: vibanzi vya Ubelgiji, ambavyo kila mgeni anavikimbilia, kwa desturi vinakaangwa kwenye mafuta ya ng'ombe. Viko vibanda vinavyotumia mafuta ya mimea. Uliza kabla ya kulipa.

Raha yangu kubwa nikila nje ni kwa Wahabeshi. Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga kila Jumatano na Ijumaa, pamoja na Kwaresima yao ndefu, na katika mfungo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Fikirieni: kanisa zima limepika chakula cha mimea kwa karne na karne, na wapishi wake wanajua kazi. Unaomba chakula cha mfungo, wanakuletea injera pana, ule mkate wao laini, na juu yake dengu nyekundu zenye pilipili ya berbere, shiro nzito, mchuzi wa unga wa jamii ya kunde, kabichi, majani ya kijani. Mnakula kwa mkono, sahani moja, kama kwetu. Na jirani yangu wa Mombasa amenifundisha mbaazi za nazi, anazokula asubuhi na mahamri. Nazi kule Kivu ni ya kutafuta, lakini mukiipata, mupike maharagi kwa tui, hamtaniuliza tena ninakula nini.

Zile soseji na nyama za kuigiza, zimejaa madukani. Sizichukii. Zinasaidia mtu mwenye haraka, lakini ni ghali na nyingi zina chumvi kali. Ukiwa na maharagi nyumbani huna sababu ya kuzinunua.

Sasa musikilize vizuri hapa, hasa vijana waliosema wataacha nyama kesho. Vitamini B12 haiko katika mimea. Inatengenezwa na bakteria, na sisi binadamu tunaipata kwa vya wanyama, kwa kidonge, au kwa chakula kilichoongezewa vitamini hiyo. Ukiikosa muda mrefu inaharibu damu na mishipa ya fahamu, na uharibifu mwingine haurudi nyuma. Mimi ninakunywa kidonge, na hilo si la kujadili. Madini ya chuma ya maharagi na lengalenga yanaingia mwilini vizuri ukila pamoja na ndimu, nyanya au pera, lakini chai na kahawa zinayazuia, kwa hiyo chai isubiri chakula kishuke. Na bugali peke yake hautoshi. Mahindi na maharagi vinakamilishana protini, kila kimoja kina kile ambacho mwenzake amepungukiwa, kwa hiyo vikutane tumboni siku moja. Muhogo ndio wa kuangaliwa zaidi: muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ukiliwa kila siku bila chakula cha protini, ndio unaoleta konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ambao nchi yetu inaujua kuliko nyingine nyingi.

Na kwa mama mwenye mtoto mdogo ninasema wazi: video hii si yako. Niliyechagua ni mimi, mtu mzima, mwenye duka la dawa pembeni ya nyumba. Wewe uliye Panzi au Kabare na una sambaza kidogo mkononi, mpe mtoto sambaza. Una yai, mpe yai. Uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama, ni mzuri sana, endelea nao, lakini usimnyime mtoto kitu cha mnyama kwa sababu ya dada mmoja wa Ubelgiji. Najua pia kuna watu wananitazama ambao nyama haiko mezani kwao kwa sababu vita na njaa vimeiondoa. Siwezi kuwahubiria kuacha kitu walichonyang'anywa. Ninachoweza ni kupika vizuri vile vilivyobaki, tukavila kwa heshima.

Kuhusu wazazi na karamu: kwetu mgeni anapewa kuku, na kumkatalia mama kuku ni kugusa heshima yake. Kwa hiyo mimi ninasema mapema, kabla kuku hajashikwa. Ninampigia simu, ninamwambia, "Mama, safari hii nataka maharagi yako, yale ya kuponda nusu." Anacheka, lakini anasikia kwamba kitu nimekiomba. Na nikialikwa kwenye harusi Bruxelles, siendi na sahani yangu ndogo iliyofunikwa, nikae nayo pembeni kama mgonjwa. Ninakwenda na sufuria kubwa ya watu wote, ninaiweka mezani katikati ya vingine, na siitangazi. Harusi ya mwisho sombe yangu iliisha kabla ya mbuzi. Mama mmoja wa Uvira akaniuliza nimetia samaki gani.

Haya, sombe imeiva, nitaila na bugali wa muhogo na mahindi, na hapa ndipo ninapowahitaji ninyi. Wamama wa Kabare na Walungu, wakati wa mvua munachuma uyoga, munaukausha. Nataka kujua koko zenu walikuwa wanaupika vipi: na karanga, na maboga, na chumvi gani, muda gani motoni. Musiniandikie, munitumie sauti, hata kwa Mashi, lugha yetu, nitaelewa. Mwenye koko aliye hai amshikie simu aseme mwenyewe. Alhamisi ijayo nitapika kwa njia ya wa kwanza atakayenitumia, na jina la kijiji chake nitalitaja kwenye video.