Jicho Halitupwi

Walimu wenzangu, mchoro wa jicho mnaujua, siurudii. Wengi wenu mnauchora ubaoni bila kufungua kitabu, na hapo ndipo penye ugomvi wangu na nyinyi, ugomvi wa miaka mingi. Mtoto wa Darasa la Sita anataja konea, mboni, lenzi na retina, anapata kumi kwa kumi. Kisha mtoe nje umuulize, "Huu mwembe unauonaje?" Atakujibu, "Macho yangu yanakwenda pale."

Simlaumu. Amekua akisikia lugha hiyo. Tupa jicho kule. Piga jicho dukani kama pamefunguliwa. Jicho linatupwa kama jiwe, nasi tunampa mchoro usiogusa kabisa jambo hilo. Euclid na Ptolemy, mabingwa wa hesabu, nao waliamini miali hutoka jichoni. Aliyeibomoa imani hiyo ni Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra, Iraki ya leo, aliyefanya kazi zake Cairo, miaka elfu moja iliyopita. Mojawapo ya hoja zake hata mtoto anaielewa: ukilitazama jua, jicho linauma. Kama jicho ndilo linalotuma, linaumizwa na nini?

Sasa nisikilizeni. Asubuhi na mapema nenda kwa muuza supu ya kichwa, mwombe macho mawili ya ng'ombe aliyechinjwa usiku huo. Usingoje mchana, jicho linafifia.

Mara ya kwanza nilifanya hivyo mbele ya watoto themanini. Nililiosha jicho, nikaliweka kwenye sinia, nikalikata mwenyewe kwa wembe mpya. Ile nyeupe ni ngumu kama mpira, wembe unateleza. Ukishapenya, maji yanachuruzika, kisha unafuata ute mzito kama wa yai. Watoto wa mbele wakarudi nyuma, wa nyuma wakapanda madawati. Nikaitoa lenzi, nono kuliko gololi, nikaiweka juu ya kipande cha gazeti. Herufi zikavimba. Binti mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono akapaza sauti: "Mwalimu, ng'ombe ana miwani ndani!" Somo la lenzi likaishia hapo. Ningeongeza nini?

Nikaufunua ukuta wa nyuma. Mnakuta utando wa kijani na buluu unaometa kama upande wa ndani wa kombe la chaza. Kijana mmoja, mchungaji, akasema, "Kumbe ndiyo maana ukiwamulika usiku macho yanawaka!" Nikamuuliza, ukizima tochi? Akafikiri. "Yanazimika." Basi mwanga ulikuwa wa nani? Darasa zima likajibu: wa tochi! Utando ule unaurudisha mwanga ulioingia, ng'ombe apate kuona vizuri gizani. Sisi binadamu hatunao. Dakika ile, watoto themanini waliacha kuamini kwamba jicho linatoa mwanga, na hakuna mchoro uliowahi kunifanyia kazi hiyo.

Najua mtakaloniambia. "Watatapika." Watoto hawa hawa wanaonyonyoa kuku wa sikukuu? Anayeona kinyaa akae dirishani, hakuna kulazimishana. "Hatuna maabara." Wembe, sinia na sabuni mnavyo. "Haliji kwenye mtihani." Hili linaniudhi kuliko yote. Mtoto akiuliza kwa nini picha inayoangukia retina, ule utando laini wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imepinduka nasi hatuoni dunia imepinduka, kumwambia haliji kwenye mtihani ni kumfungia mlango. Mwambie kweli: jicho linapokea, ubongo ndio unaofasiri.

Na kupinduka kwenyewe akuone kwa kopo la maziwa ya unga. Toboa tundu la msumari katikati ya kitako, mdomoni funga karatasi iliyopakwa mafuta ya kula, elekeza tundu kwenye mti uliopigwa na jua, jifunike kanga kichwani pamoja na kopo. Mti utauona kwenye karatasi, majani chini, shina juu.

Muda unanikimbia. Sehemu ya jicho isiyoona, pale neva ya kwenda ubongoni inapotokea: chora alama ya msalaba, kulia kwake nukta, vidole vinne katikati. Fumba jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa la kulia, sogeza karatasi polepole kutoka urefu wa mkono. Nukta itapotea. Fanyeni wenyewe kwanza.

Na yule anayenakili kwa jirani kila siku, kabla ya fimbo, msimamishe nyuma ya darasa asome ubao. Huenda haoni mbali, anahitaji miwani. Hili lingestahili saa nzima, lakini mwenyekiti ameshasimama.

Pale nyuma kuna ndoo, nimeipitia machinjioni alfajiri. Macho manane, meza nane. Wembe uko kwa karani. Kateni taratibu kuzunguka katikati, msibonyeze mbele mkaiharibu lenzi, na kila meza iwe na gazeti.