Kwilti ya fumbo, na kwa nini naishona polepole

Asanteni jamani, huko nyuma nasikika? Haya. Leo nimekuja na mfuko wa viraka tu, kwilti yenyewe, lile blanketi la kushonwa kwa viraka, haijawa kwilti bado.

Kwilti ya fumbo iko hivi, aliyeibuni anakupa kwanza vipimo vya vitambaa, rangi nyepesi kiasi hiki, ya kati kiasi hiki, iliyokoza kiasi hiki, halafu maelekezo anatoa dokezo moja moja na picha huioni mpaka mwisho. Wengi dokezo ni wiki moja. Mimi linanichukua mwezi na zaidi, nashona usiku watu wakishalala, wenzangu walishamaliza zamani na wakitaka kunionyesha picha nageukia ukutani kabisa, sitaki kuona.

Kwenye rangi ndo pagumu. Hujui kipande kitakaa wapi, kwa hiyo cha kushika ni rangi imekoza kiasi gani. Panga vitambaa vyako, vipige picha na simu, igeuze nyeusi na nyeupe. Nilikuwa na nyekundu na kijani naona zinaachana kweli kweli, kwenye picha zikatoka kijivu kilekile, kijani ikarudi kabatini palepale.

Halafu mshono. Ni robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa, na ukizidisha hata 1/16 tu kila mshono unakula 1/8 zaidi, maana unakula pande zote mbili, mishono 8 imeshameza inchi nzima! Na kwenye fumbo huna picha ya kukustua mapema, utakuja kujua mbele huko safu zikigoma kukutana. Kwa hiyo kabla hujaanza kata vipande vitatu virefu vya upana wa inchi 1 na nusu, viunge, piga pasi, pima cha katikati, kiwe inchi 1 kamili. Kisipofika au kikizidi sogeza sindano ujaribu tena, mimi nilirudia mara 4. Na pasi unaibonyeza na kuinyanyua, usisugue, pembetatu zina upande wa mshazari zinavutika.

Dokezo la pili lilitaka viraka vinne vinne vilivyoungwa kuwa mraba, seti 64. Nimeshashona 20 ndo naona mishono yote nimeilaza upande mmoja badala ya kuilaza kwenye rangi iliyokoza ili ikikutana ielekee pande tofauti na ifungane, pale kati pana kinundu, ukipitisha kidole unakisikia. Nikafumua, jioni 3 nafumua tu, uzi mmoja mmoja, na zile jioni nilizipenda sana jamani. Ningekuwa nakimbizana na tarehe ningeziacha zilivyo.

Sasa niko la tano. La sita limekunjwa chini ya cherehani, sijalisoma.

Hizi ndo seti zenyewe, naomba mzipitishe kuanzia safu ya mbele, na mzigeuze muangalie nyuma, pale mishono inapokutana.