Ukiacha Omeprazo, Kiungulia Kikarudi

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana mlioketi nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie dawa za kupunguza tindikali tumboni, hasa omeprazo na ndugu zake pantoprazo na esomeprazo. Mimi ni mfamasia, siwezi kuisema vibaya omeprazo. Tangu iingie sokoni mwaka 1988 imeponya vidonda vya tumbo ambavyo zamani vilimfikisha mtu kwenye kisu cha upasuaji. Ila mtu aliandikiwa ya wiki nne au nane, leo ni mwaka wa tano bado anameza. Nikimuuliza dirishani nani alimwambia aendelee, jibu ni lile lile: "Nikiacha tu, moto unarudi."

Moto unarudi kweli, sikatai. Lakini unatoka wapi? Dawa hizi hufunga vipampu vinavyomwaga tindikali. Tumbo likiona tindikali imepungua, hutoa kwa wingi homoni ya gastrini, inayohimiza tindikali itengenezwe. Siku unapoacha dawa, pampu zinafunguka huku himizo lile bado liko juu, na tindikali inafurika kuliko mwanzo.

Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya jaribio kwa watu 120 wazima kabisa, wasiosumbuliwa na tumbo. Wengine walipewa esomeprazo wiki nane, kisha wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa bila kujua. Wengine walimeza vitupu tangu mwanzo. Katika wiki za mwisho, asilimia 44 ya waliokuwa wametumia dawa walilalamikia kiungulia na dalili zinazofanana nacho. Wale wengine, asilimia 15. Yaani dawa ya kiungulia iliwaachia kiungulia watu ambao hawakuwa nacho!

Kwa hiyo kiungulia cha wiki za kwanza hakithibitishi kwamba huwezi kuishi bila dawa. Zungumza na daktari. Kama ni miligramu 40, shuka hadi 20, halafu siku moja unameza, siku moja unaruka. Moto ukiwaka, tafuna vile vidonge vyeupe vya magnesiamu. Usilale na shibe, subiri zipite kama saa tatu baada ya kula.

Wapo wasiopaswa kuacha. Mzee aliyewahi kutapika damu na sasa anakunywa aspirini ya moyo, hiyo omeprazo ndiyo ngao yake. Vivyo hivyo mwenye umio, ile njia ya chakula kwenda tumboni, ulioungua vibaya. Na anayepata choo cheusi kama lami, anayekwamwa na chakula au anayekonda bila sababu, huyo asihangaike na kupunguza vidonge. Aende hospitali.

Mengine mnayoyasikia mitandaoni kuhusu madhara ya dawa hizi, pokeeni kwa kipimo. Matumizi ya miaka mingi huweza kushusha magnesiamu na vitamini B12, hilo ni kweli. Lakini jaribio kubwa la pantoprazo lililotoka mwaka 2019, lenye watu zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa miaka kama mitatu, lilikuta kilichoongezeka ni maambukizi ya utumbo tu, tena kidogo.

Naam, mama yangu, uliza.

Maziwa? Yanapoza, ndiyo, kwa muda mfupi. Kisha tumbo linamwaga tindikali liyayeyushe, na saa nane za usiku unaamka tena kutafuta glasi ya pili.