Pyuta Isijifanye Fedha

Ndiyo, ni kile kile kikombe cha pyuta, yaani bati lililochanganywa na metali nyingine kidogo. Walionisikia mwaka jana wanakifahamu, mnivumilie. Kipokeeni, mpitishiane.

Mmeona kitako kilivyolala upande? Nilikiosha, nikakiweka ukingoni mwa jiko la mkaa kikauke. Nikaitwa mlangoni, maneno mawili matatu na jirani, kurudi nakuta kimelegea kama mshumaa. Pyuta huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 250. Mkaa hauna habari na hilo.

Basi watu hucheka: chombo gani hiki, laini hivyo? Lakini ulaini ndio utamu wake! Sonara akifua fedha, hukakamaa chini ya nyundo, lazima airudishe motoni, tena na tena. Pyuta haina makeke hayo. Unaifua ikiwa baridi mpaka bakuli limekamilika. Pitisheni kidole ubavuni, hapo penye vishimo. Kila kishimo ni pigo moja la nyundo. Halafu mtu anataka vilainishwe ving'ae!

Namwona mzee pale anatikisa kichwa: bati? Si la paa? La hasha, mzee wangu. La paa ni chuma kilichopakwa zinki. Hili ni bati lenyewe, zaidi ya asilimia 90, likatiwa shaba kidogo na metali iitwayo antimoni lipate ugumu. Mche wa bati safi ukiupinda karibu na sikio, unalia. Paa lako hulia mvua ikinyesha tu.

Na risasi, ile metali yenye sumu? Pyuta nyingi za zamani zilikuwa nayo. Ukirithi sahani ya kale, itundike ukutani, usiipakulie mchuzi wa ukwaju. Ya leo ya mezani haitiwi risasi.

Sasa, Estrid Ericson. Mwaka 1924, Stockholm, alifungua duka la pyuta pamoja na msanii Nils Fougstedt, akaliita Svenskt Tenn, yaani Bati la Kiswidi. Bati, waziwazi, hakulivisha jina la fedha! Mwaka uliofuata wakapeleka vyombo vyao maonyesho ya Paris, bati likarudi na medali ya dhahabu.

Msanifu Archibald Knox na vyombo vya pyuta alivyowachorea wenye duka la Liberty, London… dakika mbili? Haya, Knox tumwache. Royal Selangor, watengenezaji wa pyuta wa Kuala Lumpur, kazini tangu 1885, nao niliwaandalia picha. Basi.

Kikombe kimefika wapi? Dada, tafadhali, usikisugue na mtandio. Kiache na weusi wake.